Kerezo la gereji, na wanawake waliolishika kabla yangu

Najua nimekuwa kimya tangu Krismasi, na najua pia kwamba maneno yamefika Morogoro kabla ya maelezo. Kaka ameniambia kwenye simu kuwa huko nyumbani inasemekana nimenunua "chuma chakavu cha Wazungu" kwa hela ambazo zingemaliza mabati ya nyumba ya Kihonda. Shangazi ameuliza kama baridi imeniingia kichwani. Basi leo nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, nimekaa niwaeleze yote tangu mwanzo. Ni marefu, mnivumilie. Humo ndani kuna historia ambayo hata wenyeji wengi wa hapa Toronto hawaijui, kwa hiyo hata mliokuja kunicheka hamtaondoka mikono mitupu.

Ni kweli nimenunua. Dola 900 za Kanada, mwezi wa tisa, kwa mzee mmoja wa Scarborough aliyekuwa anahama nyumba. Ni kerezo, mashine ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi wa mtaani wanaiita lethi. Limekaa kwenye gereji ya nyuma ya nyumba ninayopanga, mama mwenye nyumba kanikodishia upande mmoja.

Kwa wasioijua mashine yenyewe: mliowahi kufika Unguja mmewaona wauza machungwa wenye kile kimashine cha kuzungushwa kwa mkono. Chungwa linachomekwa, muuzaji anazungusha mpini, kisu kinatembea taratibu ubavuni mwa chungwa, na ganda linatoka utepe mmoja mrefu. Hilo ndilo kerezo. Weka chuma mahali pa chungwa na mota mahali pa mkono wa muuzaji, umeshaelewa sehemu kubwa. Chuma ndicho kinachozunguka, kisu hakizunguki, kinasogea tu. Na chuma kikikatwa vizuri kinatoa maganda yanayojikunja vilevile kama ya chungwa, ila haya yanaunguza!

Na neno kukereza halikuletwa na Mzungu. Mafundi wa pwani walikereza mbao kwa upinde na kamba zamani sana, mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika patasi. Miguu ya vile vitanda vya Siyu na Lamu, yenye mapete mekundu, meusi na ya manjano, ilitoka kwenye kerezo la namna hiyo. Kilichobadilika Ulaya ni nani anashika kisu. Fundi wa upinde anashika patasi kwa mkono wake, kwa hiyo miguu minne ya kitanda ni ndugu lakini si mapacha. Mwaka 1800 hivi, jijini London, fundi mmoja aitwaye Henry Maudslay, kijana aliyeanzia kazi kwenye ghala la silaha la Woolwich, alitengeneza kerezo la chuma kitupu ambalo kisu kimefungwa kwenye kigari, na kigari kinasukumwa na skrubu ndefu iliyounganishwa kwa gia na kile kinachozunguka. Hapo mkono wa binadamu ukaondolewa kwenye ukataji. Kabla ya hapo nati ilitengenezwa kwa ajili ya bolti yake, zikipotezana zimekwisha. Baada ya hapo nati yoyote ingeweza kuingia kwenye bolti yoyote. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, mwaka 1841 akapendekeza vipimo vya skrubu vya nchi nzima. Kila mnapokwenda kwa muuza spea kusema "nipe bolti namba kumi na tatu" na mkapewa inayoingia, hao ndio wa kuwashukuru.

Sasa mimi na kerezo wapi na wapi? Nesi, digrii ya Muhimbili, mtoto wa kike. Nianze na bibi mmoja.

Nilipofika hapa nilikaa miaka mitatu nikifanya kazi ya usaidizi kwenye nyumba ya kutunza wazee, nikisubiri makaratasi ya leseni. Mwaka 2018 tulikuwa na bibi mmoja wa miaka 95, jina lake silitaji, kazi yetu hairuhusu. Kumbukumbu zilikuwa zimemwacha, hata watoto wake aliwachanganya. Lakini mikono yake haikutulia. Kila jioni, akiwa kwenye kiti, mkono wa kushoto unazungusha kitu kikubwa taratibu, wa kulia unazungusha kitu kidogo haraka haraka, kisha wa kulia unarudi nyuma mara moja kwa nguvu, kisha anaanza upya. Kwenye faili tuliandika "hatulii." Kuna waliopendekeza aongezewe dawa.

Mimi nikawa namwangalia tu. Ile mikono nilikuwa naijua. Mnakumbuka Baba alivyokuwa, akitoka karakana ya reli, Jumamosi anakwenda kufanya vibarua kwenye kile kibanda cha rafiki yake karibu na Msamvu. Mama alinituma kumpelekea chakula. Nilisimama mlangoni na hotpoti, nikimwona Baba kwa mgongo, na viwiko vyake vinakwenda hivyo hivyo: kushoto taratibu, kulia haraka, kisha anavuta kisu nje kabla hakijagonga bega la chuma. Anakata skrubu. Kaka aliruhusiwa kuingia, akafundishwa. Mimi niliambiwa niweke chakula pale kwenye tofali niende zangu, hii si kazi ya mtoto wa kike. Simlaumu Baba, ndivyo dunia ilivyokuwa, na anajua kwamba nitaiandika, nimemwomba ruhusa.

Basi siku moja nikapiga magoti mbele ya yule bibi nikamuuliza kwa Kiingereza, "Unakata skrubu?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Nilikuwa kwa Inglis. Zamu ya usiku." Kisha akanionya nifunge nywele zangu. Wiki ile nikaenda maktaba.

Na hapa ndipo historia yenyewe ilipo. Inglis ilianza 1859 katika mji wa Guelph, magharibi ya Toronto, ikahamia Toronto 1881, Mtaa wa Strachan, ikitengeneza mitambo ya mvuke na boila. Katikati ya miaka ya 1930 mambo yaliharibika, kiwanda kikakaa kitupu. Akakinunua mfanyabiashara aitwaye Meja James Hahn, na Machi 1938 serikali ya Kanada ikampa mkataba wa bunduki 7,000 za aina ya Bren, na Uingereza nyingine 5,000. Makelele yakawa makubwa. Gazeti la Maclean's likaandika kwamba mkataba ulitolewa bila zabuni, tume ya jaji ikaundwa mwaka huohuo. (Mnaona? Mambo ya tenda na tume hayakuanzia kwetu.) Bren lenyewe ni jina la kuunga: Br- ya Brno, mji wa Chekoslovakia ilikobuniwa, na En- ya Enfield, kiwanda cha serikali cha Uingereza.

Kisha vita. Bunduki ya kwanza ya Toronto ilitoka Machi 1940. Miezi michache baadaye jeshi la Uingereza likakimbia Dunkirk na kuacha sehemu kubwa ya Bren zake ufukweni mwa Ufaransa, na kile kiwanda kilichokuwa kashfa kikageuka kuwa tegemeo. Agosti 1943 walifanya sherehe ya bunduki ya 100,000. Wafanyakazi walifika zaidi ya 17,000, maelfu kwa maelfu yao wanawake, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika hata spana.

Iliwezekanaje? Jibu ni lile la Maudslay. Fundi wa zamani alijifunza miaka mitano kutengeneza bunduki nzima. Hapa bunduki iligawanywa vipande, na kila kipande kikagawanywa hatua, mpaka hatua moja ikawa kitu ambacho binti aliyetoka shamba anaweza kufundishwa kwa wiki chache: funga chuma, sogeza kisu mpaka kwenye kizuio, rudisha, fungua, pima. Kupima nako hakukuhitaji hesabu. Kulikuwa na kipimo chenye ncha mbili, moja lazima iingie kwenye tundu, nyingine lazima ikatae. Ikiingia ya kwanza na kukataa ya pili, kipande ni kizuri. Ujuzi ulikuwa umehamishiwa kwenye mashine, na fundi mkuu alikuwa anapita kuzitega tu. Wapo wanaosema hiyo si kazi ya ufundi. Nilimwambia Baba hivyo akacheka akasema, wao hawajasimama saa kumi kwenye mashine.

Kuna picha zake. Mei 1941 wapiga picha wa serikali walikwenda kiwandani wakamchagua msichana mmoja, Veronica Foster, mzaliwa wa 1922, awe sura ya wanawake wa viwanda. Wakamwita Ronnie, binti wa Bren. Picha iliyoenea ni ile ameketi mbele ya bunduki iliyokamilika, kitambaa kichwani, anapuliza moshi wa sigara kwa maringo. Wamarekani nao walikuja na Rosie wao, lakini mwaka 1942 na 1943, baada ya Ronnie, na Rosie alikuwa wimbo na michoro wakati Ronnie alikuwa mtu kamili aliyeajiriwa. Mimi picha ninayoipenda ni nyingine ya siku zilezile ambayo haijulikani sana: Ronnie amesimama kwenye kerezo, ameinama, macho kwenye chuma, haangalii kamera. Kitambaa chake nimekiangalia sana, ni kilemba kabisa, hakuna unywele hata mmoja ulio nje. Kerezo likinasa nywele au mkono wa shati halikupi nafasi ya kusema samahani. Nimewahi kupokea mgonjwa wa ajali ya namna hiyo, sitaeleza. Ndiyo maana nami gereji siingii na glovu, wala saa, wala mikono mirefu, na nywele nafunga kilemba cha kitenge.

Mpaka 1944 wanawake zaidi ya milioni moja walikuwa kwenye ajira nchini Kanada, nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni 12 wote kwa jumla. Serikali ambayo jana ilikuwa inasema mahali pa mke ni nyumbani, mwaka 1942 ikalegeza kodi ili mume asiumie mkewe akifanya kazi, na mwaka huohuo ikakubaliana na mikoa ya Ontario na Quebec kulipia vituo vya kulea watoto wa kina mama wa viwandani. Vita vikaisha. Mwaka 1946 hela ya vituo ikaondolewa, 1947 nafuu ya kodi ikaondolewa, na kwenye utumishi wa serikali kuu mwanamke akiolewa alipoteza kazi mpaka 1955. Kiwanda cha Mtaa wa Strachan kiliacha bunduki na baadaye kikajulikana nchi nzima kwa mashine za kufulia nguo. Yaani wale waliokuwa wanakereza mitutu, mashine za kiwanda chao kilekile zikawafuata nyumbani kuwafulia! Siku hizi ukienda huko hukuti kitu, ni maghorofa ya vijana wenye mbwa, panaitwa Liberty Village. Mimi nimekwenda mara tatu.

Lakini kuna jambo moja limeninyima usingizi kuliko hayo, nalo ndilo limenifanya niandike. Nilijiuliza, wanawake weusi wa Toronto walikuwa wapi? Walikuwepo, si wengi, familia zilizotoka Nova Scotia, visiwa vya Karibi, na wajukuu wa waliotoroka utumwa Marekani. Mwandishi Dionne Brand alikusanya simulizi zao kwenye kitabu cha mwaka 1991, nikakiazima maktaba, kinaitwa No Burden to Carry. Kabla ya vita binti mweusi wa Toronto, hata akiwa amemaliza shule, kazi yake ilikuwa moja: kufanya kazi ndani ya nyumba ya Mzungu. Viwanda vya vita vilipokosa watu ndipo na wao wakafunguliwa mlango, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kupokea mshahara wa kueleweka.

Na uuguzi je? Uuguzi ulikuwa umefungwa. Wakati ule manesi walifundishwa ndani ya hospitali, na mabinti weusi walioomba walikataliwa waziwazi, wengine wakishauriwa waende Marekani. Wa kwanza kuhitimu uuguzi hapa Kanada kabisa, Ruth Bailey na Gwennyth Barton, walihitimu Halifax mwaka 1948. Elfu moja mia tisa arobaini na nane! Hebu fikirini. Mwaka 1943, katika mji huu, binti mwenye ngozi yangu angeweza kukabidhiwa kerezo akereze vipande vya bunduki ya kuulia watu, lakini asingeweza kukabidhiwa bendeji. Mimi nimekulia mahali ambapo ilikuwa kinyume chake: uuguzi nilisukumwa niusomee, na kwenye kerezo nikaambiwa weka chakula kwenye tofali. Sijui nicheke au nifanyeje. Nilikuwa nasoma kwenye basi nikapitiliza kituo.

Na Babu mnamkumbuka. Babu alikuwa Keya, alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mwaka 1944, kwenye lile bonde la Kabaw ambalo alikuwa anasema mvua yake haina adabu, mpaka walipovuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alipolewa kidogo alitusimulia "brengani" yake, jinsi ilivyokuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, magazini imekaa juu kama pembe. Sisi tulidhani ni hadithi za wazee. Brengani ndiyo Bren. Zilitengenezwa pia Uingereza na Australia, kwa hiyo sisemi ya kwake ilitoka hapa. Lakini zilizotoka Toronto ziligongwa jina la Inglis ubavuni. Babu wakati ule alikuwa hajui kusoma, hata kama lilikuwa limeandikwa alilibeba msitu mzima bila kujua.

Yule bibi wa kwetu alifariki 2019, kwa amani, mikono imetulia. Hakuongezewa dawa. Nilimletea mpini wa mashine ya kusagia nyama akawa anauzungusha.

Sasa turudi kwenye mabati. Kerezo langu halikutoka Inglis, msije mkasema nimedanganya. Ni Utilathe, la kampuni ya Standard Modern ya hapahapa Toronto, na nilinunua hilo kwa sababu lilizaliwa mji huu. Liliishi shuleni. Mwaka 1960 Kanada ilipitisha sheria ya kusaidia elimu ya ufundi, serikali kuu ikalipa sehemu kubwa ya gharama, na Ontario ikajenga karakana za shule kwa kasi ya ajabu. Shule nyingi zilikuwa na safu ya makerezo haya. Wavulana karakana, wasichana upishi na cherehani, hivyo hivyo kama kwetu, miaka 15 tu baada ya wale mama kukereza mitutu. Miaka ya 1990 karakana nyingi za shule zikaanza kufungwa, mashine zikauzwa kwa mnada, wazee wa mitaani wakazipeleka magereji. Langu lina herufi za wanafunzi zimekwaruzwa mbele, na kopa moja lenye mshale.

Makosa yangu ya mgeni yalikuwa mengi, nitasema mawili. La kwanza, mota. Viwanda na shule za Kanada zinatumia umeme wa njia tatu wa volti 600. Mimi nilifika na plagi ya nyumbani nikiwa natabasamu. Mzee aliyeniuzia alisema "inafanya kazi," na hakudanganya, inafanya kazi ukiwa na shule! Ikabidi ninunue mota nyingine, nguvu farasi moja, ya njia moja, na kumlipa fundi umeme mwenye leseni aniwekee laini ya volti 240. Hiyo ilikula dola nyingine 480, ambazo nilizifidia kwa zamu nne za ziada, wala sikugusa hela ya nyumbani, Shangazi nisikilize vizuri hapo.

La pili, kutu. Nilisafisha mwezi mzima kwa mafuta ya taa na brashi, nikapaka mafuta, nikajisifu. Januari siku moja ikapanda joto ghafla, mvua badala ya theluji. Chuma kilikuwa bado na baridi ya wiki nzima, hewa ya joto ilipoingia gereji kikatoka jasho kama chupa ya soda, asubuhi zile reli mbili ambazo kigari kinasafiria zilikuwa rangi ya udongo wa Dodoma. Nikaanza upya. Sasa nalifunika blanketi la pamba na nimeweka kijoto kidogo chini yake, linatunzwa kuliko mimi.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa mlio. Lilipowaka mara ya kwanza lilizunguka vizuri, ila nikiunganisha gia za skrubu ndefu linagonga: ko... ko... ko. Nikatazama kila mahali, sikuona kitu. Kuna mmoja wa kazini mwenye ujuzi kidogo akasema tatizo ni beringi, nitalipa kuliko bei ya mashine. Nikakaa kwenye ndoo nikalia kidogo, nisiwafiche. Kisha nikampigia Baba.

Mnajua macho ya Baba yalivyo sasa, presha ya macho imeyamaliza. Video haimsaidii. Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, nikamweleza nimenunua nini. Kimya. Nikajua ananifikiria mabati. Kumbe. Akasema, "Iwashe." Nikaweka simu juu ya kichwa cha mashine. Akasikiliza muda mrefu, kisha akauliza, "Inagonga mara ngapi, na chaki inazunguka mara ngapi?" Chaki si ile ya ubaoni, ni ile ngumi ya chuma yenye taya tatu inayokamata kazi. Sasa hapo nilikuwa nyumbani! Nikatoa saa yangu ya kazini, ile ya kupimia mapigo. Nikachora alama kwenye chaki, nikahesabu: mizunguko 70 kwa dakika. Nikahesabu mgongo: 35. Kama napima mgonjwa mwenye moyo mzito.

Baba akasema, "Beringi ingegonga na chaki, au ingenguruma. Hii inagonga mara moja katika kila mizunguko miwili. Tafuta gia inayozunguka nusu."

Nusu maana yake ni gia yenye meno maradufu ya ile inayoisukuma. Ilikuwa moja tu, ya tatu kutoka juu. Nikaitoa, nikaiosha, nikapitisha kucha jino kwa jino. Jino moja lilikuwa limemeguka pembeni, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, grisi ya zamani ilikuwa imelijaza na kulificha. Gia nyingine ya mtumba niliipata kwa dola 35.

Tangu hapo Baba amekuwa fundi mkuu. Jumapili baada ya misa kwake, alfajiri kwangu, simu inawekwa juu ya mashine. Ananiuliza maganda yanatoka rangi gani, yanajikunja au yanakatika, mlio ni wa kukata au wa kulia. Amenisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 karakana kubwa ya reli ikabaki Nairobi na kwetu ikabidi wajifunze kukereza wenyewe vitu vilivyokuwa vinaletwa tayari, na injini zilizokuwa zinakuja kutengenezwa, zile za daraja la 88, zilikuwa na kibao cha Montreal, Kanada. "Sisi tulianza kuwasiliana na huko zamani," akasema. Kuhusu lile tofali hatujalizungumza, na nadhani hatutalizungumza. Wiki iliyofuata aliuliza tu kama nimefunga nywele.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha chuma cha mviringo, urefu sentimita kumi, kipenyo milimita 25, hakina matumizi yoyote. Ni mtihani: ukereze toka mwanzo mpaka mwisho, upime ncha zote mbili kwa maikromita. Zilitofautiana sehemu nne za mia za milimita, ncha ya mbali na chaki ikiwa nene zaidi. Nikamwambia Baba, akasema kwa mgeni inasameheka, lakini kisu kinoe upya.

Mwezi wa tatu kuna dada tunayefanya naye kazi alikuwa anakwenda Dar, nikampa kile chuma nimekizungushia soksi, kikapelekwa mpaka Morogoro. Kaka anasema Baba alikipokea akakaa nacho barazani, anakizungusha na kidole gumba kinatembea juu yake polepole, toka ncha hii mpaka ile. Hakusema kitu. Alirudi mwanzo akatembeza tena. Katikati akasimama, akaomba apigiwe mimi.

"Mwanangu," akasema, "hapa kuna mstari. Mbona ulisimama hapa?"

Ilikuwa simu ya Shangazi, aliyekuwa anaulizia mabati. Nilishika simu, nikasahau kurudisha kisu nyuma.

Mabati natuma mwisho wa mwezi, bando zima, Kaka ndiye atayapokea. Nawasalimu wote, na Shangazi shikamoo.